Madirisha na mapazia ya vipande viwili, juu na chini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wanaokuja karakanani kuagiza dirisha huuliza mambo yaleyale, na wengi kwa mpangilio uleule. Kwanza "ndiyo nini hiyo?", kisha "itazuia jua?", halafu, kahawa ikishakaribia kwisha kikombeni, huuliza lile hasa lililowaleta: "jirani ataniona?" Nimeyapa namba ili jibu moja likihitaji jengine nikuelekeze badala ya kurudia. Vipimo ni vya sentimita na milimita. Kama fundi wako anafanya kazi kwa inchi, mwachie abadilishe mwenyewe.

## Mambo ya mwanzo

1. Dirisha la vipande viwili ni lipi hasa?

Ni dirisha, shata (kifuniko cha mbao cha dirisha chenye bawaba) au pazia ambalo sehemu yake ya juu hufunguliwa, hufungwa au huinamishwa vibao vyake bila ya kuigusa sehemu ya chini, na ya chini vivyo hivyo bila ya kuigusa ya juu. Shika hayo maneno "bila ya kuigusa". Kuna madirisha yana ubao wa kupita katikati, ukiyatazama utadhani ni mawili, lakini fimbo ni moja na ukiivuta vibao vyote vinageuka. Hilo ni dirisha moja lililochorwa mstari.

Namna zake kubwa ni nne. Ya kwanza ni mashata manne, mawili juu na mawili chini, kila moja na bawaba zake. Ya pili ni shata refu moja kila upande, vibao vyake vimegawiwa makundi mawili yenye fimbo mbili. Ya tatu ni pazia la vibao la kuning'inia ndani, lenye mitambo miwili ya kugeuza. Ya nne ni pazia la kitambaa linaloshuka kutoka juu na kupanda kutoka chini. Mbili za mwanzo ni kazi ya seremala na hukaa nje, mbili za mwisho hukaa ndani.

2. Kwani pazia la kawaida lina kasoro gani?

Lina kazi mbili na kamba moja. Ukilisogeza upate hewa, stara imeondoka. Ukilifunga upate stara, hewa imekatika. Kwenye nchi ya baridi mtu anaweza kuchagua moja akaishi nayo, lakini hapa Zanzibar, mwezi wa pili saa nane mchana, na ujia wenyewe ni wa hatua tatu, unavitaka vyote viwili na unavitaka kwa pamoja.

Hewa ya moto hupanda. Chumba chenye dari ya juu kikifungwa, joto hujikusanya juu na hubaki huko mpaka lipate pa kutokea. Sehemu ya juu ya dirisha ndiyo mlango wake wa kutokea. Macho ya wapita njia hayafiki huko, kwa hiyo hakuna sababu ya kuifunga mchana. Sehemu ya chini ndiyo yenye macho.

3. Ni fasheni mpya hii?

Hata kidogo. Zunguka Shangani, Malindi au Hurumzi, mitaa ya Mji Mkongwe, utazame juu: madirisha mengi ya nyumba kongwe yana mashata ya vibao yaliyogawiwa juu na chini, na saa za mchana utakuta ya juu yako wazi, ya chini yamefungwa. Bibi yangu alikaa nyuma ya dirisha la namna hiyo kila alasiri. Vibao vya chini viliinama kuelekea nje, kwa hiyo yeye aliona chini tu: alimjua kila mpita njia kwa miguu na makubadhi. Mtu alikuwa hajabisha hodi, ameshaitwa jina lake. Akipita muuza mikate, shata moja la chini lilifunguliwa kiasi cha kupita kikapu na kamba, kisha likafungwa.

Kipya ni zile namna mbili za ndani, na hasa mitambo yake (swali la 12).

## Mpaka uwe wapi

4. Mpaka baina ya juu na chini uwekwe urefu gani?

Hili ndilo swali ambalo watu hulijibu kwa kukisia, "weka katikati tu", na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Katikati ya dirisha haina maana yoyote. Mpaka unafuata macho ya mtu aliye nje.

Anza nje. Mtu wa futi sita macho yake yako kama sentimita 170 kutoka anaposimama, kwa hiyo mpaka uwe sentimita 175 kutoka hapo. Sasa jiulize anasimama wapi. Kama sakafu yako imeinuka sentimita 45 juu ya njia, basi 175 za nje ni 130 za ndani. Lakini kama chini ya dirisha pana baraza, na watoto wa mtaa wanapanda juu yake kila siku, hesabu kutoka juu ya baraza: baraza la sentimita 45 linakurudisha kwenye 175 za ndani. Kwa dirisha linaloanza sentimita 80 na kuishia 230, hiyo ni sehemu ya chini ya 95 na ya juu ya 55.

Halafu ingia ndani, maana hesabu ya nje inakuambia tu mtu anaona juu ya mstari gani. Ukumbini ambako watu hukaa mkekani au kwenye makochi, mpaka wa 130 unatosha: anayepita ataona dari na saa ya ukutani. Chumba cha kulala ambacho mtu husimama akabadili nguo, 130 ni kifuani. Hapo ama upandishe mpaka hadi juu ya kichwa, ama sehemu ya juu nayo iwe na vibao vya kugeuza (swali la 8) badala ya kuwa wazi.

5. Sehemu ya chini si bora iwe ubao mzima, niwe na hakika?

Wengi huniomba hivyo na mimi hubishana nao. Mwili hupata nafuu ya joto pale upepo unapougusa. Kitanda kiko sentimita 50 au 60 kutoka sakafuni, mkeka uko sifuri. Ukiweka ubao mzima chini, upepo wote utapita juu ya vichwa vyenu kwenda zake, na wewe utalala kwenye hewa iliyotuama ukijiuliza dirisha jipya lina faida gani. Vibao vilivyoinamishwa vizuri huzuia jicho na hupitisha hewa. Ubao mzima huzuia vyote viwili.

Mahali pamoja tu naukubali bila ubishi: dirisha la chooni linalotazamana na njia.

6. Naishi ghorofa ya tatu. Bado nahitaji?

Inategemea nani anakutazama. Aliye njiani hakuoni, ila pengine dari. Jirani wa upande wa pili, aliye sawa nawe au juu yako, anakuona mpaka miguu. Kwa huyo, mpaka unahesabiwa kutoka kwenye dirisha lake au paa lake, na mara nyengine mambo hugeuka: ya chini iwe wazi, ya juu ndiyo ifungwe, kwa sababu anatazama kwa kushuka. Simama katikati ya chumba chako, mtafute kwa macho, kisha mtu mwengine apige alama kwa penseli kwenye mwimo (mbao ya wima ya fremu) pale mstari wa macho unapopita. Alama hiyo inashinda kipimo chochote nitakachokupa.

## Vibao, jua na macho ya watu

7. Vibao viwe na upana gani, na nafasi gani baina yake?

Kwa mashata ya nje mimi hutumia vibao vya milimita 75 vilivyopangwa kila milimita 60. Vikifungwa vinalaliana milimita 15, mvua ya kawaida haipiti. Unene ni milimita 10, na kibao kisizidi urefu wa sentimita 60 baina ya fremu na fremu, ama kitapinda tumbo. Dirisha pana zaidi ya hapo ligawiwe kwa mwimo wa kati.

Uzuri wa kuijua namba hiyo ni kwamba unaweza kuhesabu jua. Vibao vya 75 kwa 60 vikiwa vimelala bapa, jua lililo juu zaidi ya nyuzi 39 haliingii. Ukiviinamisha nyuzi 30 kuelekea nje, mpaka unashuka hadi nyuzi 19. Ukiinamisha 45, ni chini ya nyuzi 8, yaani jua linakaribia kuzama ndipo lipenye. Ukitumia vibao vyembamba, punguza na nafasi kwa uwiano uleule, hesabu haibadiliki. Kinachobadilika ni mwonekano: vibao vingi vyembamba hukata mandhari vipande vidogo vidogo, tena kupaka rangi ni adhabu.

8. Vibao viiname upande gani?

Ukingo wa nje uwe chini. Karibu mara zote. Maji ya mvua yatatiririka nje, jua la juu litakatwa, jirani wa juu hatapenya, na aliye njiani akitazama kwa kupandisha macho ataona ukanda wa dari tu. Nawe kutoka ndani utaona chini njiani, kama bibi.

Kosa ninalolikuta ni vibao vinavyogeuka pande zote bila kizuizi, halafu mtu anavisukuma ukingo wa nje ukawa juu. Mvua ikija, kila kibao kinakuwa mfereji wa kuleta maji kitandani. Weka kijipande cha mbao kwenye fremu kizuie fimbo isivuke bapa. Kwa sehemu ya juu, bapa ndiyo hali nzuri ya mchana: ukipaka nyuso za juu za vibao rangi nyeupe, mwanga hugonga hapo ukarudi darini, na chumba kinang'aa bila ya jua kuingia.

9. Mipangilio ibadilike vipi kwa upande ambao dirisha linatazama?

Mji wa Zanzibar uko takriban nyuzi 6 kusini ya Ikweta, Pemba iko kama nyuzi 5. Maana yake jua la adhuhuri liko juu mwaka mzima. Mwezi wa sita hukaa upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 kutoka upeo. Mwezi wa kumi na mbili huhamia kusini, kama nyuzi 73. Kwa dirisha la kaskazini au kusini, basi, vibao bapa (swali la 7) hulikata jua la mchana bila taabu, na unaweza kuiacha sehemu ya juu hivyo hivyo miezi yote.

Dirisha la magharibi ni habari nyengine. Saa kumi na moja jioni jua liko kama nyuzi 20 na linashuka, linakutazama machoni. Hapo kazi ya juu na chini inabadilishana nafasi: kuanzia saa tisa inamisha ya juu nyuzi 30, na kadiri jioni inavyoingia ziinamishe zote mbili zaidi. Mashariki ni hivyo hivyo asubuhi, kwa kinyume. Anayejenga nyumba mpya na bado ana nafasi ya kuchagua, vyumba vya kulala asivielekeze magharibi. Mteja hapendi kusikia hili akiwa ameshapandisha ukuta.

Upepo nao una upande. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, kusi kuanzia Mei hadi Oktoba kutoka kusini. Upande unaopokea upepo fungua ya chini zaidi, upande wa pili wa nyumba fungua ya juu. Hewa itaingia kwenye miili na kutokea darini. Miezi ikigeuka, geuza.

10. Usiku taa ikiwaka, stara inabaki?

Vibao vilivyoinama nyuzi 30 humzuia sehemu tu anayetazama sawasawa, na kumbuka usiku mambo yamegeuka: nje giza, ndani mwanga, na mchana ulikuwa umezoea kinyume chake. Taa ikiwa chini, kivuli chako kitapigwa kwenye nyuso za vibao. Ikiwa juu karibu na dirisha, mwanga utatoka kupitia sehemu ya juu na chini kutakuwa na nafuu. Toka nje mwenyewe usiku mmoja, mtu abaki ndani, utazame. Wakati wa daku, nyumba nzima imeamka saa kumi usiku na mtaa umejaa watu, ndipo wengi hugundua.

## Fimbo, kamba na roda

11. Kwa shata la mbao, nigawe vipi fimbo?

Njia ngumu kuharibika ni kuweka ubao wa kati, upana wa sentimita 7 hadi 9, palepale kwenye mpaka, na kila kundi la vibao kuwa na fimbo yake. Ubao huo pia unaikaza fremu, shata refu bila huo hulegea pembe baada ya miaka michache.

Wasiotaka ubao huo kwa sababu ya sura hukata fimbo pale mpakani, vibao vikaonekana mfululizo. Inafanya kazi kwa shata fupi. Kibao cha mwisho cha juu na cha kwanza cha chini lazima vipishane bila kugusana hata moja likiwa wazi na jengine limefungwa, kwa hiyo hapo nafasi iongezwe milimita 3 au 4. Fundi akisahau, ukifunga chini juu nako kunasukumwa, na umerudi kwenye dirisha lililochorwa mstari.

Fimbo ikae ubavuni, si katikati. Katikati hupendeza kwenye picha, ila kila anayeisogelea huishika kwa mkono wenye mafuta ya chapati.

12. Na pazia la kuning'inia, linagawiwaje?

Pazia la vibao hubebwa na ngazi za uzi: uzi mmoja wa wima mbele, mmoja nyuma, na vipandio baina yake ambapo kila kibao hulala. Mhimili ulio ndani ya kisanduku cha juu ukizunguka, uzi wa mbele hupanda na wa nyuma hushuka, vibao vyote vinainama. Ili kugawa kwa haki, unahitaji mhimili wa pili na nyuzi zake mbili kwa kila ngazi. Nyuzi hizo hupita pembeni mwa vibao vya juu bila kuvishika, na huanza kubeba pale kwenye mpaka. Mihimili miwili, vishikio viwili.

Kuna namna ya rahisi inayouzwa kwa jina zuri: mtambo ni mmoja, ila nyuzi za chini zimefupishwa upande mmoja, ndiyo vibao vya chini hutangulia kufunga. Inakupa hali moja ya "juu wazi, chini kumefungwa" na basi. Si mbaya kwa ofisi. Usiilipie bei ya mitambo miwili. Ukiwa dukani jaribu kinyume: funga juu, fungua chini. Ikikataa, umeshajua.

Pazia la kitambaa la juu na chini lina fimbo tatu. Ya kwanza imefungwa ukutani, ya pili ndiyo ukingo wa juu wa kitambaa, ya tatu ni ukingo wa chini, na hizi mbili kila moja ina kamba zake zinazopita kwenye roda (kigurudumu cha kupitishia kamba). Aliyewahi kuona jahazini foromali (mti unaobeba tanga) ikipandishwa kwa henza (kamba yake ya kupandishia) ameshaelewa. Tofauti ni kwamba hapa tanga lina foromali mbili. Kamba za fimbo ya pili na ya tatu zisipitie roda moja wala zisikatane njiani, zitalana. Na fimbo zote ziwe nzito kiasi cha kushuka zenyewe, kwa sababu kamba huvuta tu, haisukumi.

13. Nina watoto wadogo. Kamba zote hizi si hatari?

Ni hatari, na vipande viwili maana yake ni kamba mara mbili. Mtoto hunyongwa na kitanzi kilichoning'inia kimya kimya, bila kupiga kelele, huku mtu mzima yuko chumba cha pili. Kanuni inayofuatwa Ulaya ni kitanzi kisishuke chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Marekani, tangu mwishoni mwa 2018, mapazia yanayouzwa tayari madukani hutakiwa yasiwe na kamba za kuvuta zinazoning'inia au ziwe zisizofikika.

Kwako: kata vitanzi, kila kamba iwe na ncha yake huru. Piga kulabu mbili ukutani juu ya mita 1.5 na uzungushe kamba hapo kila baada ya kuvuta. Usiweke kitanda wala kochi chini ya dirisha lenye kamba. Chumba cha watoto mimi sitii kamba kabisa, natia shata la fimbo ya mbao, hadithi imekwisha.

14. Mota je, ya rimoti?

Zipo, na kwa dirisha lililo juu ya ngazi zina maana. Ila Unguja umeme wetu unakuja kwa kebo chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 tulikaa mwezi mzima bila umeme, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 miezi mitatu. Siku hizo nyumba zilizokuwa na mashata ya juu na chini zilipumua, na nyumba zilizofungwa kwa ajili ya kiyoyozi watu walihamia barazani. Ukitia mota, hakikisha ina njia ya kugeuza kwa mkono, na ijaribu kabla fundi hajaondoka.

## Mbao, chumvi na masika

15. Mbao gani, na vyuma gani?

Mtiki kwanza, mvule pili. Zote zinastahimili mvua na mchwa hawaziandami kwa urahisi. Mninga ni mzuri kwa ndani. Paini ni rahisi na nyepesi, lakini nje isipotiwa dawa na rangi mara kwa mara haina maisha. Mbao iwe kavu. Hii siisemi kwa mdomo tu, tazama swali la 16.

Vyuma: upepo wa bahari hula chuma cha kawaida usiku na mchana, na shata la vipande viwili lina bawaba na pini mara mbili. Tumia shaba, au stenlesi ya daraja la 316. Stenlesi ya 304 ni rahisi zaidi na karibu na pwani hutoka madoa ya kahawia. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, nunua kwa mtu unayemwamini. Usichanganye skrubu za shaba na fremu ya aluminiamu: kwenye chumvi na unyevu, aluminiamu ndiyo italiwa.

16. Dirisha langu lilikuwa laini likifungwa, masika yakaingia likakwama. Fundi amenidhulumu?

Pengine ni haraka tu. Mbao hunywa unyevu na hupanuka kwa upana, si kwa urefu. Dirisha lililotengenezwa kaskazi, mbao ikiwa kavu kabisa, likakazwa bila nafasi, lazima libane Aprili. Na penye vipande viwili kuna mwahala pengi pa kubana.

La kwangu mwenyewe lilinitia aibu. Nilifunga mashata manne ya chumba changu mwezi wa kwanza, nikaacha nafasi ya milimita moja kwa vile nilitaka yaonekane yamekaa kama yamemiminwa. Masika ya mwaka ule ya chini yalikataa kufunguka, ya juu yakakataa kufungwa. Wiki mbili nililala na turubai usoni pa dirisha, mimi seremala. Siku hizi naacha milimita 3 kila upande, 4 kama kazi inafanyika kaskazi, na ncha za mbao nazipaka rangi mara mbili kwa kuwa ndizo zinazonyonya.

Likikwama, usikimbilie randa. Subiri mvua zikatike, lione lirudi, kisha punguza kile kilichobaki. Ukiranda mwezi wa nne, mwezi wa tisa mwanya utaingiza mjusi.

17. Nipime vipi dirisha la nyumba kongwe?

Kuta za mawe na chokaa zina unene wa nusu mita na zaidi, na hazijawahi kukutana na pembe mraba. Pima upana mahali patatu (juu, mpakani, chini) uchukue mdogo. Pima urefu kulia, kati na kushoto. Pima na mishazari: zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, tengeneza fremu iliyonyooka uifunge ndani ya tundu, mwanya ujazwe chokaa. Usitengeneze shata lililopinda lifuate ukuta.

## Hali za pembeni

18. Nyumba yangu iko ndani ya Mji Mkongwe. Naweza kubadilisha tu?

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kubadilisha madirisha ya nje kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nenda na mchoro na picha ya dirisha lilivyo. Ukirudisha mashata ya vibao ya juu na chini yaliyokuwepo, una hoja nyepesi kuliko anayetaka vioo vya kusukuma. Pazia la ndani haligusi uso wa nyumba.

19. Naishi nyumba za maendeleo Michenzani, madirisha yameshatiwa aluminiamu ya kusukuma.

Dirisha la kusukuma hufunguka nusu kwa ubavu, kwa hiyo juu na chini haina maana kwenye kioo chenyewe. Funga ndani pazia la kitambaa la fimbo tatu au la vibao lenye mitambo miwili (swali la 12), lining'inie sentimita 8 au 10 mbali na kioo ili hewa izunguke. Vibao vya ndani havizuii joto kama vya nje, jua likishapita kioo limeshaingia. Bado stara na mwangaza utavipata.

20. Wavu wa mbu nao uwekwe wapi?

Mashata yakifunguka nje, wavu ukae ndani kwenye fremu yake. Tatizo ni kwamba mkono haufiki kwenye fimbo. Ugawe na wavu vilevile, juu uliofungwa moja kwa moja, chini wenye bawaba. Fimbo ya juu irefushwe ishuke hadi chini ya mpaka. Wavu hupunguza upepo, ndiyo maana usikubali vibao vyenye nafasi ndogo juu yake.

21. Na kiyoyozi?

Vibao vinavuja. Bila kioo nyuma yake unapoza ujia.

22. Mama yangu ni mtu mzima, na mfupi. Hafikii sehemu ya juu.

Komeo la juu lisiwe juu, liwekwe ukingo wa chini wa shata la juu, yaani mpakani, ambapo mkono unafika. Kwa vibao, toboa mwisho wa fimbo utie kijipete cha shaba, na umpe ufito wenye kulabu. Nimewatengenezea wazee kadhaa ufito wa mtiki uliopigwa msasa vizuri. Mmoja akaurudisha, akasema wake anao: mpini wa mwavuli mbovu, ule uliopinda, umetundikwa kwenye msumari pembeni ya dirisha.